Taremi wa Porto na Taremi wa Inter ni mtu yuleyule

Swali: Shikamoo mwalimu. Naitwa Bakari, nafundisha vijana wa chini ya miaka 20 hapa Tanga. Kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima kuhusu wachezaji wa Iran. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba mpira wanaujua ila moyo hawana, ndiyo maana Jahanbakhsh alifunga mabao 21 Uholanzi, kufika Brighton akapotea kabisa. Taremi naye Porto alikuwa moto, Inter akawa maji ya mtungi. Mimi nakataa, naona kuna jambo jingine, lakini kulieleza nashindwa. Ni nini hasa kinachowabeba Wairani Ulaya, na nini kinawakwamisha? Halafu, ni kweli kwamba Son wa Korea Kusini ndiye Mwasia wa kwanza kuwa mfungaji bora wa ligi ya Ulaya? Hapo pana kreti ya soda.

Jibu: Marahaba, Bakari. Soda tutaifikia mwishoni, usiwe na haraka, maana huenda kreti ikawa mbili.

Niseme kwanza kwamba hilo neno "moyo" limenichosha. Mchezaji aliyetoka mbali akishindwa, watu humpasua kifua kutafuta kasoro. Ni wachache wanaouliza swali la kawaida kabisa ambalo wewe kama kocha unalijua: alipofika, alimkuta nani kwenye namba yake, na kazi aliyopewa ni ileile aliyokuwa akiifanya alikotoka? Nimefuatilia Wairani tangu nilipokuwa nafanya kazi Dubai, nikila kebabu kwenye mgahawa wa Kiirani pale Deira, ambapo siku ya mechi ya Persepolis na Esteghlal, mahasimu wawili wa Tehran, ulikuwa hupati hata pa kusimama. Karibu kila nyota wao aliyezimika Ulaya, ukimchunguza utakuta jibu liko kwenye maswali hayo mawili.

Tuanze na huyo Jahanbakhsh wenu, kwa sababu habari yake imenyooka kuliko zote. Alireza Jahanbakhsh alizaliwa mwaka 1993 Jirandeh, mji mdogo wa milimani mkoani Gilan, kaskazini mwa Iran. Si mtoto wa Tehran na hakupitia Persepolis wala Esteghlal. Alikuwa akikipiga Damash ya Rasht, timu ya mkoani, na mwaka 2013 NEC Nijmegen ya Uholanzi ikamchukua kabla hajatimiza miaka 20. Msimu wake wa kwanza NEC ikashuka daraja. Vijana wengi hapo wangefunga virago. Yeye akabaki, akacheza daraja la pili la Uholanzi msimu mzima, timu ikatwaa ubingwa na kurudi juu. Mwaka 2015 AZ Alkmaar wakamsajili.

Kwa hiyo alipomaliza msimu wa 2017/18 na mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi, alikuwa na miaka mitano ndani ya nchi hiyo. Baridi alikwisha izoea. Aliwajua mabeki wa kushoto wa ligi nzima, aliwajua na waamuzi. Halafu tazama nani alikuwa naye pale mbele: Wout Weghorst, jitu lenye urefu unaokaribia mita mbili, ambaye msimu huohuo alifunga mabao 18. Mabeki wawili wa kati wakihangaika na Weghorst, Jahanbakhsh anaibuka kutoka winga ya kulia akiwa peke yake. Timu ilikuwa inashambulia, inamiliki mpira, inamaliza nafasi ya tatu. Winga wa timu ya namna hiyo anapokea mpira akiwa tayari yuko karibu na boksi.

Kiangazi cha 2018 Brighton wakatoa takriban pauni milioni 17, dau la juu kuliko yote waliyokuwa wamewahi kutoa hadi siku hiyo. Na Brighton ya Chris Hughton ilikuwa timu ya namna gani? Msimu huo ilimaliza ya 17, nafasi moja juu ya mstari wa kushuka. Timu inayojilinda chini, winga kazi yake ya kwanza ni kumkimbiza beki wa pembeni wa wapinzani hadi kwenye kibendera cha kona. Ukipata mpira uko mita 70 kutoka golini, na mbele yako hakuna Weghorst. Kulia palikuwa na Anthony Knockaert, aliyewapandisha daraja na kupendwa na mashabiki. Januari 2019 Jahanbakhsh akaondoka kwenda Kombe la Asia huko Falme za Kiarabu, Iran ikafika nusu fainali, akarudi timu imeshapanga maisha bila yeye. Msimu ukaisha hana bao hata moja.

Sasa niambie, hapo moyo umekosekana wapi? Mtu aliyekuwa analipwa amalizie mashambulizi ameajiriwa kuzuia. Ni sawa na kumchukua mpishi wa pilau ukamkabidhi mlango wa ukumbi alinde.

Tena ngoja. Tarehe 28 Desemba 2019, Brighton ikiwa sasa chini ya Graham Potter, alipangwa dhidi ya Bournemouth na akafunga dakika ya tatu. Akalia pale pale uwanjani. Siku nne baadaye, mwaka mpya wa 2020, akatokea benchi dhidi ya Chelsea na kupiga tikitaka iliyosawazisha, 1-1. Hilo bao mlitafute mlitazame wote hapo kijiweni. Yale mawili ndiyo mabao yake yote ya Ligi Kuu ya Uingereza katika misimu mitatu. Mwaka 2021 akarudi Uholanzi, safari hii Feyenoord, akacheza kwenye kikosi kilichofika fainali ya Ligi ya Konferensi mwaka 2022 na kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 2023 chini ya Arne Slot. Moyo ulikuwepo muda wote. Ulichelewa kupewa kazi yake.

Ukidhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja, rudi nyuma hadi Ujerumani ya miaka ya tisini na elfu mbili, ambako Wairani waliingia kwa kundi la kwanza la maana. Chanzo kilikuwa Kombe la Asia la 1996, ambapo Iran iliichapa Korea Kusini 6-2 na Ali Daei peke yake akafunga manne. Kiangazi kilichofuata Daei na Karim Bagheri wakaenda Arminia Bielefeld, na Khodadad Azizi akaenda Köln. Daei alikuwa na miaka 28 na shahada ya uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Sharif, kwa hiyo ondoa picha ya kijana mshamba anayeshangaa theluji. Bielefeld ilikuwa klabu ndogo. Alicheza mechi 25 za ligi, akafunga 7, na timu ikashuka. Bayern München wakamchukua.

Bayern ya 1998/99 mbele ilikuwa na Giovane Elber na Carsten Jancker. Daei alipata mechi 23 za ligi, nyingi akitokea benchi, mabao 6, na medali ya ubingwa. Akaona hapana, akaenda Hertha Berlin. Kwa hesabu ya ligi peke yake Hertha hakutisha, mabao 6 katika mechi 59. Lakini Septemba 1999, kwenye Ligi ya Mabingwa, alifunga yote mawili Hertha ikiifunga Chelsea 2-1, na wiki iliyofuata akafunga San Siro dhidi ya AC Milan. Daei, mzee wa Ardabil, alikuwa na shughuli zake za usiku.

Vahid Hashemian ni mfano mchungu zaidi. Bochum, msimu wa 2003/04, mabao 16 ya ligi, klabu ikamaliza ya tano na kwenda Kombe la UEFA, jambo ambalo Bochum hawalipati kila mwaka. Bayern, kama kawaida yao, wakafika na mkoba. Msimu mmoja Bayern: mechi chache za ligi, bao sifuri. Mwaka uliofuata yuko Hannover. Ali Karimi, mchezaji bora wa Asia wa 2004, aliyekuwa akiwalaza watu chini kwa chenga, naye akaingia Bayern mwaka 2005 akitokea Dubai, akaanza vizuri, akaumia, akajikuta kwenye foleni ndefu, miaka miwili kwaheri.

Wairani watatu, klabu moja, matokeo yanafanana. Mwenzako atasema: basi Bayern waliwachukua wa nini? Hapo ndipo ninapotaka mfike. Bayern hawakuwa wanamtafuta mfalme. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuingia dakika ya 75. Wapo wachezaji walioumbwa kwa kazi hiyo. Mshambuliaji wa Kiirani, kwa jinsi alivyolelewa, kwa kawaida hakuumbwa nayo, na nitaeleza kwa nini.

Ligi ya Iran haina mabao mengi. Timu hukaa nyuma, mechi huamuliwa na bao moja, na mshambuliaji mzuri kwao ni yule anayebeba timu nzima mgongoni: anashuka kuchukua mpira, anaukinga, anapiga penalti na kona zake, anasubiriwa afanye jambo. Mpira wote unapitia kwake. Timu ya taifa chini ya Carlos Queiroz, kuanzia 2011 hadi 2019, ilikomaza tabia hiyohiyo: watu tisa nyuma, mmoja mbele, pambana na mabeki wawili uone utafanyaje. Mchezaji aliyekulia humo ana nguvu, ana subira, ana akili ya kujua wapi mpira utadondokea. Ila anahitaji dakika. Anahitaji kugusa mpira mara nyingi ndipo mechi imwingie mwilini. Mpe robo saa mwishoni na utamwona anaanza kupasha moto wakati mwamuzi anaangalia saa.

Ndiyo tukija kwa Mehdi Taremi, fumbo lenu linafumbuka lenyewe. Taremi ni mtu wa Bushehr, bandari ya Ghuba. Akiwa Persepolis alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Iran misimu miwili mfululizo. Mwaka 2016 akajichanganya: alimwaga wino Çaykur Rizespor ya Uturuki, kisha akarudi Persepolis. Kesi ikaenda FIFA, na adhabu ikawa kufungiwa miezi minne, huku Persepolis ikizuiwa kusajili. Hayo yote yalimkuta akiwa bado Persepolis, na Januari 2018 akahamia Al-Gharafa ya Qatar. Ukimtazama wakati ule ungesema huyu Ulaya ndoto, umri umemtupa mkono.

Kiangazi cha 2019, akiwa na miaka 27, akatua Rio Ave. Iko Vila do Conde, mji wa pwani kaskazini mwa Ureno, na klabu yenyewe si ya kumtia mtu kiwewe. Agosti hiyohiyo akaifunga Aves mabao matatu. Alimaliza na 18, kinara wa wafungaji pamoja na watu wawili wa Benfica, na Porto, jirani wa kilomita chache tu, wakaja kumchukua. Kocha wao Sérgio Conceição alipenda washambuliaji wawili. Kwanza Taremi alicheza na Moussa Marega, mwenye nguvu za kuvuta jahazi, baadaye na Evanilson. Mwenzake anakimbia nyuma ya mabeki, Taremi anashuka hatua tano, anapokea, anageuka, anatoa pasi au anamalizia. Ni ileile kazi ya nyumbani, ila sasa ana msaidizi. Mabao ya ligi: 16, halafu 20, halafu 22 na ufungaji bora wa msimu wa 2022/23. Aprili 2021, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Chelsea, alipiga tikitaka ya dakika za majeruhi ambayo hadi leo naiona nikifumba macho. Porto walishinda mechi ile 1-0 na bado wakatolewa. (Ndiyo, Chelsea tena. Daei, Jahanbakhsh, Taremi. Sijui Chelsea waliwakosea nini Wairani.)

Nisiwe mchawi wa upande mmoja: mashabiki wa timu pinzani Ureno walimchoka kwa kudondoka kwenye boksi. Nimezitazama baadhi ya zile penalti na sitamtetea zote.

Julai 2024 akaenda Inter kama mchezaji huru, akiwa anatimiza miaka 32. Mbele yake: Lautaro Martínez, nahodha, na Marcus Thuram. Namba mbili, watu wawili, na wote wazima wa afya muda mwingi. Taremi alimaliza msimu na mabao matatu katika mashindano yote, moja likiwa dhidi ya AC Milan kwenye fainali ya Super Cup ya Italia kule Riyadh. Mwenye kulinganisha mabao 22 na mabao 3 bila kutaja dakika alizocheza anajidanganya. Miguu ni ileile. Alichoacha Porto ni zile dakika 90 za kila wiki. Umri nao usiusahau, mshambuliaji wa miaka 32 hafufuki haraka akitoka benchi.

Hebu sasa tumtazame aliyeanza mapema, kwa sababu mtu anaweza kusema dawa ni kuondoka mdogo. Sardar Azmoun wa Gonbad-e Kavus, karibu na mpaka wa Turkmenistan, alichukuliwa na Rubin Kazan ya Urusi mwaka 2013 kabla ya miaka 19. Baba yake alikuwa mchezaji wa voliboli, na ukimwona Azmoun anavyopaa utaelewa kimo kile kilitoka wapi. Ni Mturkmeni kwa kabila. Kocha aliyemchukua, Kurban Berdyev, ni mzaliwa wa Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan. Berdyev alipohamia Rostov, Azmoun akamfuata. Rostov, timu ya bajeti ya kubana matumizi, ikamaliza ya pili Urusi mwaka 2016, na Novemba mwaka huo ikaifunga Bayern 3-2 kwenye Ligi ya Mabingwa, Azmoun akiwa mmoja wa wafungaji. Baadaye Zenit St Petersburg, mataji matatu ya ligi mfululizo kuanzia 2019, na mabao 17 yaliyomfanya kinara wa wafungaji wa 2019/20 pamoja na Artem Dzyuba.

Kisha Januari 2022 Bayer Leverkusen, ambako Patrik Schick alikuwa anafunga atakavyo. Kisha Roma kwa mkopo, ambako Romelu Lukaku alikuwa ndiye tegemeo. Huo wimbo unaujua. Mwaka 2024 akaenda Dubai, Shabab Al Ahli. Kwa hiyo kuondoka mapema kulimpa miaka mingi zaidi Ulaya, lakini hakukumwondolea lile tatizo la namba. Kilichomjenga Azmoun ni kocha mmoja kumwamini kwa muda mrefu, tena kocha aliyetoka upande wa dunia aliotoka yeye. Mtoto wa miaka 18 kwenye majira ya baridi ya Kazan, kupata mzee wa nyumbani si jambo dogo.

Hilo linanileta kwa mtu ninayemheshimu kuliko wote hawa, Mehdi Mahdavikia, ingawa kijana wa leo hamjui. Ndiye aliyefunga bao la pili Iran ilipoifunga Marekani 2-1 pale Lyon, Kombe la Dunia la 1998. Akaanza na Bochum kwa mkopo, akaenda Hamburg mwaka 1999 na kukaa miaka minane, mechi zaidi ya 200 za ligi. Winga wa kulia mwenye mbio na krosi, akihitajika anarudi beki. Mwaka 2000 Hamburg ilipotoka 4-4 na Juventus, yeye alifunga, na Anthony Yeboah wa Ghana alifunga pia. Mwaka 2003 akawa mchezaji bora wa Asia.

Kwa nini yeye alidumu? Kwanza hakuwa mshambuliaji wa kati, hakuhitaji timu nzima imzunguke. Winga anayepanda na kushuka, kila kocha ana kazi naye. Pili, Hamburg. Wafanyabiashara wa mazulia wa Kiirani wako mji ule tangu miaka mingi kabla ya yeye kufika, wana maghala yao karibu na bandari, na jamii yao ni miongoni mwa kubwa zaidi Ulaya. Akimaliza mazoezi, chai ya nyumbani iko mtaa wa pili, Kifarsi kinasikika dukani. Tatu, alijifunza Kijerumani na kukaa kama mtu anayekaa, siyo kama abiria. Alipostaafu klabu ilimpa vijana awafundishe. Sikuandikii hilo kama hadithi ya kupendeza. Mchezaji asiyeelewa utani wa chumba cha kubadilishia nguo hapewi pasi, na wewe umeshaona hilo hata kwa mtoto wa Kigoma akija Tanga.

Javad Nekounam naye yumo humu. Misimu sita mfululizo Osasuna ya Pamplona tangu 2006, kiungo, Mwirani wa kwanza La Liga, akipambana na majeraha ya goti na akirudi kila mara kwenye namba yake. Osasuna haikuwa daraja la kupita kwenda Madrid. Ilikuwa ndiyo kazi. Miaka miwili baadaye Masoud Shojaei, Mwirani mwenzake, akamfuata hukohuko, na bila shaka kuwa na mwenyeji kulimrahisishia.

Sasa yapo mambo ambayo hayahusiani na mpira kabisa, na hayo mwenzako wa "moyo" hayajui. Kijana wa Iran akifika miaka 18 anadaiwa jeshi, karibu miaka miwili. Bila cheti cha kumaliza au cha msamaha, pasipoti ni shida. Ndiyo maana kuna timu za majeshi kama Fajr Sepasi ya Shiraz, na zamani Malavan ya Anzali, ambako wachezaji huvaa jezi huku wakitumikia taifa. Hiyo miaka ya 19 hadi 21 ambayo Mreno au Mghana anaitumia kujifunza Ubelgiji, Mwirani anaweza kuwa anaitumia kambini. Kisha vikwazo: benki za Iran zimetengwa na mfumo wa malipo wa kimataifa, hivyo hata klabu ya Ulaya ikikubali kulipa ada, fedha kufika ni safari. Wakala wa Ulaya akiona usumbufu huo anahamia kwa mchezaji mwingine. Ghuba iko ng'ambo ya maji, inalipa vizuri, haina baridi, na wikendi mama anakuja kukutembelea.

Na siasa. Iran haiitambui Israel na wanamichezo wake hawaruhusiwi kukutana na Waisraeli uwanjani. Mwaka 2004 Bayern ilipokwenda kucheza na Maccabi Tel Aviv, Hashemian hakusafiri, ikatajwa jeraha. Mwaka 2017 Shojaei na Ehsan Hajsafi walicheza na Panionios ya Ugiriki dhidi ya Maccabi hiyohiyo, na nyumbani ikawa kishindo. Shojaei akakaa nje ya timu ya taifa kwa miezi kabla ya kurejeshwa kwa Kombe la Dunia la 2018. Baada ya kombe hilo Azmoun, akiwa na miaka 23, alitangaza kustaafu timu ya taifa kwa sababu ya matusi ambayo alisema yalimuumiza mama yake hadi akaugua. Alirudi baadaye. Na Juni 2025 Taremi alikwama Tehran anga lilipofungwa kwa vita, Inter wakaenda Kombe la Dunia la Klabu Marekani bila yeye. Miezi miwili baadaye alihamia Olympiacos ya Ugiriki. Huyu mtu mnamwita maji ya mtungi.

Bakari, hukuniuliza kuhusu Samatta lakini najua mmemtaja, haiwezekani mkae kijiweni wiki nzima asitajwe. Genk alifunga 23 ya ligi msimu wa 2018/19 na kuchukua ubingwa wa Ubelgiji. Januari 2020 Aston Villa, timu inayopigania kutoshuka, bao moja la ligi, dhidi ya Bournemouth, na jingine kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Miezi michache akaenda Uturuki. Yuko mtu wa Brighton aliyekuwa akiishi hayohayo msimu uleule, na bao lake la kwanza lilikuwa dhidi ya Bournemouth haohao. Mmoja wa Mbagala, mwingine wa Jirandeh. Waliotoka shule moja ya mateso hawahitaji kufahamiana.

Ukiwa na kijana ambaye wakala anamletea barua ya Ulaya, mwambie asianze na jina la klabu. Afungue orodha ya kikosi, aweke kidole kwenye namba yake, aangalie aliyepo ana miaka mingapi na mkataba unaisha lini, timu inacheza kwa kumiliki mpira au kwa kukimbizana nao. Halafu aulize nani ataishi naye nyumba moja miezi sita ya kwanza. Wakala akikosa majibu ya hayo, barua iwekwe pembeni.

Haya, soda. Aliyesema Son ameshindwa: Son aligawana kiatu cha dhahabu cha Uingereza na Mohamed Salah msimu wa 2021/22, mabao 23 kila mmoja. Jahanbakhsh alimtangulia kwa miaka minne, Azmoun kwa miwili. Kama wewe ulisema Jahanbakhsh, naona umeshaanza kutabasamu. Usitabasamu. Watu wengi wanaandika kwamba yeye ndiye Mwasia wa kwanza, lakini yuko Maksim Shatskikh wa Uzbekistan, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya Ukraine akiwa na Dynamo Kyiv mwaka 2000, kisha tena 2003. Uzbekistan iko Asia na Ukraine iko Ulaya. Mtakachobishania sasa ni kama Ukraine inahesabika ligi kubwa, na huo ubishi nimewaachia. Kreti mbili basi, moja kila upande, na yangu iwe Stoney ya baridi.